UZI: Kuunda chombo cha kutua na rova ya Duna. Anzeni kwenye vumbi la sayari, roketi iwe ya mwisho

#1 Mleta mada (Mwanga, Kigoma)

Habari za jioni wakuu.

Wanaocheza Kerbal Space Program humu jukwaani wana maswali matatu yanayojirudia. Chombo kinafika Duna, kikigusa ardhi kinalala ubavu. Rova, yaani kigari cha kutembelea sayari, inabinuka kwenye kona ya kwanza. Au mtu anashuka salama kabisa, halafu mafuta ya kupanda tena hayatoshi. Yote matatu yamenipata, na nimeyapigania usiku mwingi kwenye laptopu yangu ya zamani, nikisevu na kurudia, mpaka nikagundua kwamba chanzo chake kilikuwa kimoja. Nilikuwa naanza kujenga roketi. Naunda liroketi la nguvu, naliona zuri, kisha nabaki na nafasi ndogo kule kileleni ya kubanabana chombo cha kutua. Rova naipachika popote palipobaki.

Kwa mgeni: hili ni gemu la kujenga vyombo vya anga na kuvirusha. Lilitengenezwa na Squad ya Mexico, likatoka kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011, na toleo la 1.0 likaja Aprili 2015. Sayari ya nyumbani inaitwa Kerbin. Nusukipenyo chake ni km 600 tu, wakati Dunia yetu ina km 6,371, lakini mvutano wa ardhini ni uleule. Duna ndiyo Mars ya gemu hili: nyekundu, ina barafu kwenye ncha zake, na hewa yake ni nyepesi. Mvutano wake ni mita 2.94 kwa sekunde kwa kila sekunde, yaani asilimia 30 ya Kerbin. Hewa inaishia km 50 juu, na kanieneo yake pale chini haifiki asilimia 7 ya ile ya Kerbin.

Sasa naomba mnielewe ninaposema kuanzia kwenye vumbi. Kabla hujafungua karakana ya kujengea, amua ni kitu gani kitabaki kimesimama pale Duna na kitafanya nini. Mimi nilitaka rova ndogo isiyo na mtu ndani, itembee, ipime joto na udongo, irushe taarifa nyumbani. Nikaijenga hiyo kwanza, peke yake, mpaka ikaweza kukimbia kwenye nyasi za kituo cha kurushia bila kubinuka. Ikatoka na kilo 600. Kisha nikajiuliza: ni chombo gani kinaweza kuibeba hii kilo 600, kuiweka chini taratibu, halafu chenyewe kipae tena na rubani wake? Kile kilipopatikana ndipo nikauliza ni nini cha kukisukuma kutoka Kerbin mpaka Duna, kisha roketi ya kunyanyua vyote. Kila swali lilikuwa na jibu jepesi kwa sababu lililotangulia lilishajibiwa.

Nitaeleza chombo changu, kisha wenye uzoefu mnirekebishe.

Mwili ni tangi moja la FL-T400. Juu yake kibanda cha rubani. Injini ni Spark nne, zimefungwa ubavuni na kutanuliwa nje, ili katikati chini ya tangi pabaki wazi. Hapo kwenye uwazi ndipo rova inaning'inia kwa kiungo cha kuachia, tumbo likitazama ardhi. Miguu minne nimeisukuma nje kadiri ilivyowezekana. Chombo kikitua, rova inakuwa sentimita chache tu juu ya udongo. Naachia kiungo, inadondoka kwa magurudumu yake, inatoka kati ya miguu kama kuku anavyotoka chini ya meza.

Kwa nini tumboni? Kwa sababu ukiiweka ubavu mmoja, kitovu cha uzito kinahama, na injini zikiwaka chombo kinataka kupinduka kila sekunde. Nilijaribu kusawazisha kwa betri upande wa pili. Wakati wa kushuka ilikubali. Nilipoiachia rova na kutaka kupanda, ule mzigo wa upande wa pili ukabaki peke yake na chombo kikazunguka kama pia mpaka kikajibamiza kwenye kilima. Tumboni, ikiwepo au isiwepo, mstari wa uzito haubadiliki.

Parachuti nazo zina somo lake. Zikitoka kiwandani zimepangwa kuanza kufunguka kanieneo ya hewa ikifika 0.04 ya ile ya Kerbin. Duna chini kabisa ina kama 0.067. Ukilenga nyanda za juu unaweza kugonga ardhi parachuti zikiwa bado zimekunjwa, zinasubiri hewa ambayo haipo. Shusha hiyo namba ungali karakanani. Na hata zikifunguka zote, hewa ile haitoshi kukutuliza peke yake, kwa hiyo weka akiba ya injini kwa mita mia chache za mwisho.

Naomba kuwasilisha. Picha nitatupia umeme ukitulia.

#2 Mdau wa Ujiji

Nimekaa mbele kabisa mkuu. Nyuzi za namna hii ndizo zinazonifanya nisifute akaunti.

#3 Mwanafunzi (Kasulu)

Shikamooni wakubwa. Kaka mleta mada, hiyo rova imenigusa maana yangu inanitesa. Nimeweka magurudumu manne, ubongo wa OKTO2, betri, sola na antena juu. Ikienda moja kwa moja iko sawa. Nikibonyeza kulia au kushoto inanyanyua magurudumu ya mbele au inalala. Hata kwenye Mun, mwezi wa Kerbin, imefanya hivyo. Nimeongeza magurudumu yakawa sita, bado. Tatizo ni nini?

#4 Mleta mada

Marahaba dada. Hebu tuanze na kitu ambacho wengi hawakioni. Ubongo mwingi wa vyombo visivyo na rubani una mota ya ndani ya kukigeuza chombo kikiwa angani. Vitufe unavyotumia kuendesha rova ni vilevile vinavyoamrisha ile mota. Kwa hiyo ukibonyeza kwenda mbele, magurudumu yanasukuma mbele, na papo hapo mota inajaribu kuinamisha pua ya rova. Kwenye Mun, ambako mvutano ni mita 1.63 tu, ile mota inashinda. Bonyeza ubongo wa rova, zima mota ya kugeuzia. Au nenda kwenye mipangilio uyape magurudumu vitufe vyake peke yake. Mimi nilifanya la pili, maana wakati mwingine rova ikibinuka naihitaji ileile mota kuisimamisha.

Halafu zima usukani wa magurudumu ya nyuma. Ya mbele na ya nyuma yakikata kona pamoja, rova inageuka ghafla mno. Breki fanya kinyume: punguza za mbele, acha za nyuma zifanye kazi, la sivyo ukishika breki kwenye mteremko itapiga kichwa.

Na umbo. Bajaji zetu hapa mjini zinalala kona kwa sababu mbele zina gurudumu moja, upana unaoishikilia unakuwa mdogo pale hasa uzito unapokimbilia. Rova yako itanue magurudumu yawe mbali na mwili, na betri zishushe chini ya sakafu. Kilicho juu kiwe sola na antena peke yake, maana hivyo ni vyepesi. Kuongeza magurudumu mawili katikati hakukuongezea upana wowote, kumekuongezea uzito tu.

Sola nayo usiipime kwa jua la Kerbin. Duna iko mbali na jua: Kerbin ni kilomita milioni 13.6, Duna ni milioni 20.7. Ukigawanya na kupiga kipeo cha pili, unapata kama asilimia 43 ya umeme uliouzoea. Kama sola mbili zinakutosha nyumbani, kule weka tano.

#5 Mwalimu wa fizikia (Tabora)

Mwangaluka wadau. Nimesoma uzi huu mwanzo mpaka mwisho nikiwa nimeshika kalamu, na napenda kumpongeza kijana. Naomba nitie hesabu pale alipoishia kwa maneno, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayowafundishia wanafunzi wangu wa kidato cha sita somo la mwendo na nguvu, na wanaielewa kuliko mifano ya vitabuni.

Uwezo wa chombo kubadilisha mwendo wake, wanaouita delta-v, unatokana na vitu viwili tu: kasi ambayo moshi unatoka nayo kwenye injini, na uwiano wa uzito kabla na baada ya kuchoma mafuta. Unachukua logi asilia ya ule uwiano, unazidisha na kasi ya moshi. Mrusi Tsiolkovsky aliichapisha hesabu hii mwaka 1903.

Tuchukue chombo cha mleta mada. Tangi la FL-T400 lina tani 2 za mafuta na lenyewe tupu ni tani 0.25. Spark nne ni tani 0.52. Kibanda, miguu, parachuti na vifaa vya kupimia tuseme tani 1.58. Jumla bila mafuta ni tani 2.35, na mafuta yakijaa 4.35. Ongeza rova ya tani 0.6, tunaanza kushuka tukiwa na 4.95. Spark kwenye utupu ina sekunde 320 za ufanisi, kwa hiyo ukizidisha na 9.81, moshi wake unatoka kwa karibu mita 3,139 kwa sekunde.

Parachuti zikishafanya kazi yake, tumpe mita 200 kwa sekunde za injini kumalizia kushuka. Zinakula kama tani 0.3 za mafuta. Sasa amesimama Duna, na kupanda mpaka mzunguko wa chini, yaani kuizunguka Duna bila kuanguka, kunahitaji kama mita 1,450 kwa sekunde.

Akiiacha rova chini, ana tani 4.05 juu ya 2.35. Logi yake ni 0.544. Anapata mita 1,709 kwa sekunde. Anafika, na zinabaki mia mbili hamsini na ushei za kumtafutia chombo mama kinachomsubiri kwenye mzunguko.

Akipanda na rova, ni tani 4.65 juu ya 2.95. Logi ni 0.455. Anapata mita 1,428. Hafiki. Amepungukiwa na mita 22 kwa sekunde, na mita hizo 22 ndizo zinazomwacha rubani akishuka tena.

Kilo 600 zimekula karibu mita 280. Na si rova tu. Parachuti zilizokwishatumika ni mzigo wa bure wakati wa kupanda, na vifaa vya kupimia ambavyo vimeshatoa taarifa navyo ni hivyo hivyo. Vitenganishe, viache palepale.

Hoja yangu ya pili ni ya kupingana na kijana kwa upole. Spark nne ni nyingi. Zina kilonyutoni 80, wakati uzito wa chombo chako pale Duna ni kama kilonyutoni 14.5. Una msukumo mara tano na nusu ya uzito. Toa mbili. Utabaki na karibu mara tatu, na hiyo tani 0.26 uliyoitoa inakupa zaidi ya mita 150 kwa sekunde za kupandia. Ni sawa na kupata mafuta bila kuongeza tangi.

#6 Mleta mada

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Sikuwahi kuiweka kwenye karatasi namna hiyo. Niliogopa kuweka mbili kwa sababu nilifikiri moja ikizima, nyingine itanizungusha. Lakini umenifanya nikumbuke kwamba injini za gemu hili haziharibiki zenyewe zikiwa na mafuta. Nimezitoa mbili jioni hii. Chombo kimekuwa chepesi mkononi mpaka nimeshangaa.

Niongeze jambo moja kwa wanaoelea. Nawaona wengi wanafika mita 500 juu ya ardhi, wanasimama hewani wakichagua pa kutua. Kila sekunde unayosimama hewani juu ya Duna unalipa mita 2.94 za delta-v na husogei popote. Nusu dakika ni mita 88, yaani theluthi ya akiba aliyoihesabu mwalimu. Chagua sehemu ungali kwenye mzunguko, na injini uziwashe ukiwa umekaribia. Mwanzoni moyo unakwenda mbio, lakini mkono unazoea.

#7 Mwalimu wa fizikia (Tabora)

Marahaba. Kuhusu kulala ubavu nilisahau kusema jambo ambalo wanafunzi hulijibu kinyume kila mwaka. Wanadhani mvutano mdogo unamsaidia anayetua. Kwa kushuka wima, ndiyo. Kwa kuteleza pembeni, unamwumiza.

Chukua chombo ambacho kitovu chake cha uzito kiko mita 2 juu, na kila mguu uko mita 1.5 kutoka katikati. Kikigusa ardhi kinateleza na mguu ukanasa, kinataka kuuzunguka ule mguu. Ili kipinduke, kitovu kinapaswa kupanda nusu mita tu, maana pembetatu ya 1.5 na 2 ina upande mrefu wa 2.5. Tukichukulia uzito wote uko mahali pamoja, kwenye Kerbin kinahitaji kuwa kinateleza kwa mita 3.9 kwa sekunde. Kwenye Duna mita 2.1. Kwenye Mun 1.6. Kwenye Minmus, mwezi mdogo wa Kerbin, haifiki hata moja. Kasi ya mtu anayetembea kwa haraka inatosha kukilaza chombo chako cha Mun.

Haya si ya gemu peke yake. Januari 2024 chombo cha Japani kiitwacho SLIM kilifika Mwezini na kikaishia kimeinamisha pua ardhini. Mwezi uliofuata kikafuata Odysseus cha kampuni ya Marekani, kirefu kama mita 4, kikashuka kingali kinateleza pembeni, mguu ukavunjika, kikalala. Machi 2025 ndugu yake Athena naye akalala. Sasa tazama picha ya kile cha Apollo mwaka 1969: urefu wake kama mita 7, na miguu imetanuka zaidi ya mita 9 kutoka unyayo hadi unyayo. Mnene, mfupi kwa upana wake, hana uzuri. Na alisimama mara zote sita.

#8 Mdau wa Kibirizi

Mimi sichezi hilo gemu, mdogo wangu ndiye anacheza, amenisomea huu uzi tukiwa tunasubiri mzigo. Hapa Kibirizi tunapakia maboti yanayokwenda vijiji vya kaskazini. Mapipa ya mawese na magunia ya chumvi yanakaa chini kabisa katikati, magodoro na viti vya plastiki juu. Mtu akikuletea mzigo mzito umechelewa kufika, husemi nauweka juu kwa vile chini kumejaa. Unashusha, unapanga upya. Tanganyika ikichafuka ghafla utajua kwa nini.

Kuna kingine. Mleta mada umesema chombo kipana kinashindwa kukaa kwenye kofia ya roketi, ile inayofunika mzigo. Hii Liemba yetu ilikuwa na shida hiyohiyo. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, na hakuna njia ya kuleta meli nzima ziwani. Wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, ikaja kuungwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe wakati wa vita. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi ikiwa na jina la Liemba. Kwani hicho chombo chenu lazima kiruke kikiwa kizima?

#9 Mleta mada

Kaka yangu wa Kibirizi, sikusema hilo la kofia lakini umelisoma kabla sijaliandika. Ni kweli kabisa, chombo changu kilichotanuka miguu na injini hakiingii kwenye kofia ya kipenyo kidogo, na kofia pana inafanya roketi iwe kama mwavuli kichwani, inayumba ikipita kwenye hewa nzito.

Lazima kiruke kizima? Hapana. Nimelala nikiliwaza swali lako. Usafiri wa kwanza unapeleka chombo cha kutua kwenye mzunguko wa Kerbin, wa pili unapeleka tangi na injini ya safari, vinaunganishwa kule juu. Kila roketi inakuwa ndogo. Kupanda mpaka mzunguko wa Kerbin kunagharimu kama mita 3,400 kwa sekunde, na kutoka hapo kwenda Duna ni kama 1,060 tu. Kwa hiyo sehemu ngumu ni ile ya mwanzo, kama ambavyo kwa Liemba sehemu ngumu haikuwa kuelea ziwani.

Nimeijaribu leo. Kuunganisha kumenichukua saa nzima, lakini kila roketi ilipanda imenyooka.

#10 Mdau wa Nzega

Wakuu, mnahangaika na tumbo na miguu yote hiyo ya nini? Fanyeni kama Curiosity. Mwaka 2012 Wamarekani waliishusha ile rova ya kilo 899 ikining'inia kwa kamba kwenye kreni yenye roketi, magurudumu yakagusa Mars, kamba zikakatwa, kreni ikarukia mbali kuangukia huko. Perseverance nayo mwaka 2021 hivyohivyo. Hakuna miguu, hakuna mlango wa kutokea, hakuna cha kulala ubavu. Rova yenyewe ndiyo chombo cha kutua.

#11 Mleta mada

Hoja nzito, na kwa rova peke yake nakubaliana nawe. Nimewahi kuijenga: rova chini, juu yake fremu yenye injini nne zimeelekezwa nje kidogo ili moto usiichome. Magurudumu yakigusa naachia, fremu inaruka zake. Inafaa sana, na ni nyepesi kuliko yangu.

Ila safari yangu ina rubani anayetakiwa kurudi. Nikitumia kreni nahitaji vyombo viwili vishuke, na viwe karibu karibu kimoja na kingine. Ukikosea kidogo wakati wa kushuka, kilomita 30 zinapita kati yao. Hizo kilomita 30 kwa rova si kidogo. Opportunity, ile iliyofika Mars Januari 2004 ikitarajiwa kuishi siku tisini, ilitembea zaidi ya kilomita 45 katika maisha yake yote, na iliishi mpaka dhoruba ya vumbi ya 2018. Mimi nikiwaza rova hiyo peke yake kwenye baridi miaka kumi na minne, naheshimu kila bolti iliyofungwa humo.

Na kumbuka hewa ya Mars ni nyepesi zaidi kuliko ya Duna. Hewa ya Duna kwenye gemu ni nzito karibu mara kumi ya ile ya Mars halisi. Kwetu parachuti zinafanya kazi kubwa zaidi, ndiyo maana naweza kumudu miguu.

#12 Mwanafunzi (Kasulu)

Kaka, nimezima mota, nimetanua magurudumu, betri nimezishusha. Inakimbia mita 15 kwa sekunde kwenye nyasi na inakata kona! Nimepiga kelele mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Swali lingine. Nikifika Duna nitaiongozaje ikiwa upande wa pili wa sayari? Mara ya mwisho mawasiliano yalikatika ikabaki inateremka peke yake.

#13 Mleta mada

Hongera sana dada, mwambie mama asiwe na wasiwasi.

Tangu toleo la 1.2 mawimbi yanahitaji kuonana. Kitu kikiwa nyuma ya sayari kimepotea. Acha setilaiti mbili au tatu zenye antena za kupokezana kwenye mzunguko mrefu wa Duna, mbali kutosha ili moja iwe inaiona rova muda wote. Mimi huzibeba kama vimzigo vidogo kwenye chombo mama, naziachia nikishafika.

Kuna mtego mmoja mzuri wa kuujua. Mwezi wa Duna, Ike, unaizunguka Duna kwa muda uleule ambao Duna inajizungusha. Kwa hiyo ukisimama Duna, Ike haichomozi wala haitui. Inakaa palepale juu ya kichwa chako, kubwa ajabu. Ukitua upande wa pili hutaiona kamwe. Ukifunga kituo cha mawasiliano kwenye Ike, kitahudumia nusu ya sayari tu, na nusu nyingine hakitaiona milele.

Dirisha la safari, yaani wakati unaofaa kuondoka Kerbin, linafunguka Duna ikiwa imeitangulia Kerbin kwa nyuzi kama 44. Linajirudia kila baada ya miaka miwili ya Kerbin na ushei, kwa hiyo jenga ukiwa na utulivu, usirushe kwa pupa eti kwa sababu umemaliza.

#14 Mwalimu wa fizikia (Tabora)

Binti wa Kasulu, ukirusha uandike namba zako kwenye daftari: uzito kabla, uzito baada, mafuta yaliyobaki baada ya kila hatua. Ukikwama uzilete hapa, tutaziangalia pamoja.

#15 Mwanafunzi (Kasulu)

Shikamoo mwalimu. Nimerusha juzi, nimefika leo alfajiri. Naleta daftari.

Chombo kabla ya kushuka tani 4.6. Nilitumia injini mbili kama ulivyosema. Parachuti nilizishusha mpaka 0.02. Nilichelewa kuwasha, nikagusa kwa mita 6 kwa sekunde, mguu mmoja ukavunjika, lakini kimesimama kwa mitatu. Nilikuwa nateleza pembeni mita 0.4 tu, nimeipiga picha hiyo namba. Mafuta yamebaki tani 1.74.

Rova imedondoka vizuri. Imetoka chini ya chombo upande ule wa mguu uliovunjika kwa shida, nilirudi nyuma mara tatu. Ike iko juu, haisogei kweli. Sasa naelekea kaskazini kwenye barafu, mbele kuna mteremko mrefu na jua linakaribia kuzama. Betri asilimia 61.

#16 Mleta mada

Usiushuke usiku dada. Simama hapo ulipo, geuza rova iwe ubavu kwa mteremko, funga breki, sola uzielekeze mashariki. Asubuhi betri zikijaa ndipo ushuke, usivuke mita 8 kwa sekunde, na kabla hujaanza thibitisha breki za mbele umezipunguza.

Mafuta tani 1.74 yanatosha kumrudisha rubani. Nimeyapigia hesabu mara mbili.